KURA MOJA KUTOKA KWASHEMSHI

(Haya ni mazungumzo yaliyotangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwahi kuyasikia.)



Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kwashemshi, kwenye matanga ya shangazi yangu. Kwa wale wasiopajua, Kwashemshi ni kata ya wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Ukitoka Korogwe mjini unashika barabara inayopanda kwenda Dindira na Bumbuli, mkonge umekuzunguka kushoto na kulia, na milima ya Usambara iko mbele yako. Hapo ndipo nilipokulia, baba yangu akiwa fundi wa mitambo katika korona. Nasema korona, na vijana msishtuke. Siusemi ule ugonjwa wa mwaka 2020. Kwetu mashambani korona ni mtambo wa kukamua majani ya mkonge ili zibaki nyuzi, na neno hilo tulikuwa nalo miaka mingi kabla ya ugonjwa huo kupata jina lake.

Matanga, kama mjuavyo, yana wakati wake wa kulia na wakati wake wa kuzungumza. Siku ya tatu, jioni, wanaume tumekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, kahawa inazunguka, na vijana pembeni wanasikiliza muziki kwenye simu kwa sauti ya chini, wakiona haya kidogo kwa sababu ya msiba. Kijana mmoja akauliza swali ambalo liliamsha hata waliokuwa wanasinzia. Akasema: Hivi Tanzania tumewahi kushinda shindano lolote la kimataifa la nyimbo?

Basi ikawa vurumai. Mmoja akamtaja Diamond Platnumz na tuzo zake za MTV za mwaka 2015. Mwingine, mtu mzima, akamtaja Bi Kidude wa Unguja, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 hali umri wake umeshapita pale ambapo watu wengi huwa wamekwisha sahau hata nyimbo za harusi yao. Yule kijana akakataa vyote viwili. Akasema hizo ni tuzo za mtu binafsi. Yeye anauliza shindano ambalo nchi inapeleka mwimbaji wake, nchi nyingine zinapeleka wa kwao, watu wanapiga kura, na mwisho bendera moja inapepea. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa eti mtu wa redio anajua kila kitu.

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea shina la mwembe akasema: "Mimi nilishinda. Mwaka 2013."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mzee huyo namfahamu tangu nikiwa mtoto na nilijua anasema nini. Ndiyo sababu leo nimeona nilete habari hii mbele yenu.

Shindano alilokuwa akilisema mzee lilikuwa likiitwa Tusker Project Fame. Halipo tena leo, lakini wengi wenu mnalikumbuka. Lilianza mwaka 2006 mjini Nairobi, likipewa jina la bia, na vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakikusanywa katika nyumba moja waliyoiita chuo. Humo walifundishwa kuimba, kupumua, kusimama jukwaani, huku kamera zikiwafuata hata wakipiga mswaki. Mwisho wa juma waliimba mbele ya majaji na umma, na wale walioonekana dhaifu waliwekwa kwenye hatari ya kutoka, nanyi watazamaji mkaombwa kutuma ujumbe wa simu ili kuwaokoa. Kitita cha mshindi kilifika shilingi milioni tano za Kenya.

Sasa angalieni orodha ya washindi. Mwaka 2006 alishinda Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2008, Esther Nabaasa wa Uganda. Mwaka 2009, Alpha Rwirangira wa Rwanda. Mwaka 2010, Davis Ntahe wa Uganda, na hapo ndipo Mtanzania wetu Peter Msechu alipofika karibu kabisa, akashika nafasi ya pili. Mwaka 2011 waliwaita tena waliowahi kushiriki, na Alpha akashinda kwa mara ya pili. Mwaka 2012 ikarudi Kenya kwa Ruth Matete. Na mwaka 2013, katika awamu ya sita, akashinda kijana wa Burundi, Hope Irakoze.

Rwanda mara mbili. Burundi mara moja. Tanzania, yenye watu karibu milioni 45 kwa sensa ya mwaka 2012, yenye Kiswahili kinachoimbwa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi, haimo kabisa.

Nilipokuwa chuo cha uandishi wa habari, mwalimu wetu mmoja alikuwa na mazoea ya kutuambia kwamba takwimu ni kama mbwa wa jirani, usimshike kabla hujajua anaumaje. Basi na hii nayo tusiishike haraka. Wapo waliosema siku zile kwamba tulionewa. Sikubaliani nao. Shindano lilifanyika kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, na nyimbo nyingi walizopewa vijana kuimba zilikuwa za Marekani na Uingereza. Kijana wa Kitanzania aliyelelewa na taarabu na dansi na bongo fleva alikuwa akipelekwa kupigana kwa silaha ya kuazima. Lakini je, Mrundi naye hakuwa hivyo hivyo? Tena yeye zaidi. Kwao watu wanazungumza Kirundi, shuleni wanafundishwa Kifaransa, na nchi yake ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wakati sisi na Kenya na Uganda tumekwisha gombana, tukaachana na kurudiana. Ikiwa Kiingereza ndicho kilichotuangusha, kingemwangusha yeye kwanza.

Nadhani tatizo letu lilikuwa jingine. Sisi tulilitazama shindano lile kama mchezo wa jirani. Mtu anatazama kwa dirishani, anacheka, anakwenda kulala bila kutuma ujumbe hata mmoja, na kesho yake asubuhi analalamika kwenye daladala kwamba Mtanzania katolewa.

Hebu sasa tufanye hesabu ya upande wa pili. Mwaka 2013 Burundi ilikuwa na watu wapata milioni kumi, wengi wao wakulima wa vijijini, na simu za mkononi hazikuwa zimeenea kama zilivyokuwa zimeenea Kenya. Kwa vyovyote vile kura zilivyopigiwa hesabu, Warundi wa Burundi peke yao hawakutosha kumbeba kijana wao mpaka mwisho. Kuna watu wengine waliomchagua. Walikuwa wapi?

Mmoja wao alikuwa Kwashemshi.

Mzee huyu, ambaye jina lake nalihifadhi, alizaliwa katika kambi ya mkonge miaka kadhaa kabla ya Uhuru. Baba yake alitoka Urundi. Ninyi wa mjini pengine hamjui vizuri habari za manamba, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, asili yake Mexico, ukapitia Florida na Hamburg, na katika miche elfu moja aliyoagiza ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutokana na hiyo 62 ikatokea bahari ya mkonge mnayoiona mkipanda basi kutoka Segera hadi Mombo. Mwaka 1964 Tanzania ilifikisha yapata tani 230,000 za katani, na hakukuwa na nchi duniani iliyotushinda. Lakini mkonge unahitaji mikono, tena mikono isiyokuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Wenyeji wa hapa, Wasambaa, Wazigua na Wabondei, walikuwa na mashamba yao na hawakupenda kufungwa na kipande. Basi wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali. Mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, maarufu kwa jina la Silabu. Wakaletwa Waha, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde wa Msumbiji, na Warundi. Kila mtu akapewa namba, na kutoka katika namba hiyo wakapata jina: manamba.

Baba yake mzee alimsimulia kwamba alipanda treni Kigoma, akashuka Morogoro, na kutoka hapo akapakiwa kwenye lori kupitia Handeni, siku mbili za vumbi, hata alipofika Korogwe akadhani amevuka nchi tatu. Alikusudia kukaa mkataba mmoja. Akakutana na binti wa Kizigua wa Handeni aliyekuja kuuza ndizi kambini, na mkataba ukarefuka mpaka akazikwa hapa hapa.

Nikiwa mtoto, kambi bado zilikuwa zikitajwa kwa makabila, ingawa watu walikuwa wamechanganyika. Jumapili mchana ngoma zilikuwa zikichezwa, na hayo ndiyo yalikuwa mashindano ya kwanza ya kimataifa niliyoyaona mimi. Wamakonde na sindimba yao, Wanyamwezi na nyimbo zao za majigambo, Wazigua wa vijiji vya jirani wakija kushangaa, kisha nao wanaingia. Hakukuwa na jaji. Mshindi alijulikana kwa vumbi, yaani watu walihama wenyewe kutoka duara moja kwenda jingine, na mwenye duara kubwa ndiye aliyeshinda. Warundi walikuwa wachache, familia nne au tano. Duara lao halikuwahi kuwa kubwa. Mzee wetu alikuwa akipiga ngoma moja iliyochongwa kwa mti wa mwembe, akishindana na kambi nzima, na sisi watoto tulikuwa tukimcheka. Sikujua wakati huo kwamba kule kwao ngoma ilikuwa kitu cha mfalme, wala kwamba ngoma hizo hizo zingekuja kutambuliwa na UNESCO, mwaka 2014, kuwa urithi wa dunia nzima.

Basi ndugu msikilizaji, ukafika mwaka 2013, ule mwaka wa ving'amuzi. Pale Kwashemshi kulikuwa na kibanda cha video ambacho kazi yake hasa ni mpira wa Uingereza. Mwenye kibanda alikuwa akionyesha shindano la nyimbo mwisho wa juma kwa ajili ya wasichana, kiingilio nusu. Mzee akaambiwa na mjukuu wake kwamba kuna Mrundi anaimba. Akavaa koti, akaenda, akakaa benchi ya mbele katikati ya watoto wa shule.

Nilikuwepo siku moja, nimekwenda likizo. Mzee hakuelewa neno hata moja la wimbo, ulikuwa wa Kiingereza. Alikuwa akitazama miguu ya kijana. Akaniambia: "Mwanangu, huyu anajua kusimama." Baadaye akatoa simu yake, ya vitufe, akanipa nimwandikie ujumbe wa kura. Vijana wa kibandani wakaja juu. Wakamwambia, mzee, mbona humpigii kura wa kwetu, wewe si Mtanzania? Mzee akawajibu taratibu, wala hakukasirika: "Wa kwetu nilimpigia juma lililopita. Leo nampigia wa kwa baba."

Ujumbe ulikataa mara mbili kwa ajili ya mtandao. Tukatoka nje, tukapanda kile kichuguu nyuma ya ofisi ya kijiji ambapo mawimbi hupatikana, na hapo ukaenda. Baada ya dakika moja ikaja meseji ya kumshukuru kwa kura yake. Hakuifuta.

Nataka kuwapeleka mbali kidogo, maana jambo hili la nchi ndogo na mashindano ya nyimbo wenzetu wa Ulaya wamelihangaikia muda mrefu. Wao wana shindano lao, Eurovision, lililoanza mwaka 1956 kule Lugano, Uswisi, kwa nchi saba. Kanuni yake moja naipenda. Kila nchi, iwe kubwa kama Ujerumani au ndogo kama wilaya yetu, inapotoa alama zake za juu inatoa 12, wala haizidishi, na hairuhusiwi kujipa yenyewe. Kwa hiyo udogo si kilema pale. Luxembourg, nchi ambayo watu wake hawafiki milioni moja, imeshinda mara tano: 1961, 1965, 1972, 1973 na 1983.

Lakini ukichunguza utaona jambo la kuchekesha. Katika washindi hao watano wa Luxembourg hakuna hata mmoja aliyekuwa wa Luxembourg. Wanne walikuwa Wafaransa, na mmoja, Vicky Leandros, alikuwa Mgiriki. Nchi ilitoa bendera, mwimbaji akatoka kwa jirani. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwa watu na wakatunzwa.

Ipo nchi nyingine ndogo zaidi, San Marino, imezungukwa na Italia pande zote, ina watu wapata elfu thelathini na nne. Mwaka 2021 ilimpeleka mwanamama aitwaye Senhit, mzaliwa wa Italia ambaye wazazi wake ni watu wa Eritrea. Mwaka huo huo Sweden iliwakilishwa na kijana aitwaye Tusse, ambaye asili yake ni Kongo. Alikimbia vita akiwa mtoto na aliishi katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda kabla ya kufika Sweden. Tusse alishika nafasi ya 14, Senhit ya 22. Pengine hamkusikia. Mimi nilikuwa macho usiku ule, nikitazama matokeo, na nilipomwona yule kijana wa kambi ya Uganda amesimama pale Rotterdam na nguo nyekundu, nikamkumbuka mzee wangu na koti lake.

Na San Marino wana kisa kingine ambacho watu wa Kwashemshi wangekielewa upesi kuliko watu wa Paris. Hawana mtandao wao wenyewe wa simu, wanatumia wa Italia. Kwa hiyo kura za simu za wananchi wake haziwezi kutenganishwa na za Waitaliano. Waandaaji wanaitengenezea kura ya watu kwa kukokotoa kura za nchi nyingine. Yaani nchi inashiriki, mwimbaji anaimba, lakini raia wake kule milimani akibonyeza simu yake, sauti yake haihesabiki kama sauti ya San Marino.

Kwa upande wa Afrika, nchi moja tu imewahi kushiriki Eurovision. Ni Morocco, mara moja, mwaka 1980, kwa sauti ya Samira Bensaïd. Alipata alama saba, zote kutoka Italia, akawa wa 18 kati ya 19. Morocco haikurudi tena. Nawaelewa, ingawa siwasifu. Mtu unapoalikwa kwenye ngoma ya wengine na duara lako likawa dogo, unaweza kukunja mkeka ukaenda zako, au unaweza kufanya kama yule mzee wa kambi, ukarudi tena Jumapili ijayo na ngoma yako ya mwembe.

Tukirudi kwa Burundi. Kijana wao alishinda, wakafurahi, na walistahili. Ile ilikuwa nchi ambayo kwa miaka mingi, jina lake likitajwa katika taarifa ya habari, sisi watangazaji tulikuwa tunajua kabla ya kusoma kwamba kuna watu wamekufa. Kwa majuma machache ya mwaka 2013 tulilitaja kwa sababu ya wimbo.

Haikudumu. Aprili 2015 Bujumbura iliwaka moto kwa ajili ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Katikati ya mwezi Mei, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa, vituo vya redio vilishambuliwa na kunyamazishwa, miongoni mwake Radio Publique Africaine, Bonesha, Isanganiro na Renaissance. Sisi wa kazi hii tulilisikia hilo kama mtu anavyosikia nyumba ya ndugu imeungua. Wakimbizi wakamiminika Kagunga, kijiji kidogo cha ufuoni Kigoma, kipindupindu kikaingia, na ile meli yetu kongwe, MV Liemba, ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua.

Mzee alinipigia simu siku zile. Alikuwa ananipigia kwa nadra, kwa kuhofia salio. Baada ya salamu aliniuliza swali moja tu: zile redio zilizokuwa zikiupiga wimbo wa kijana wetu, ndizo hizo zilizochomwa? Nikamwambia, mzee, inawezekana kabisa ndizo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi nyimbo zimekaa wapi sasa?" na simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa salio.

Nafika sasa kwenye lile lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Mnakumbuka amri ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Ili usajili, sharti uwe na namba ya kitambulisho cha taifa. Tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Sina ugomvi na amri yenyewe, matapeli wa simu walikuwa wametuchosha. Lakini mzee wetu alikwenda kwenye ofisi moja kuomba namba hiyo, akaulizwa: jina la baba? Akataja. Ni jina la Kirundi, halijifichi. Akaulizwa: baba alizaliwa wapi? Akasema Urundi. Basi karani akafunga daftari, akamwambia alete cheti cha kuzaliwa cha baba yake.

Jamani. Cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa Urundi enzi za Mbelgiji, akaja hapa na kipande cha manamba.

Sheria haiko hivyo. Kwa sheria iliyotumika siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika akiwa na walau mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia papo hapo, bila kuomba, bila kuapa. Waliotakiwa kuomba ni wale ambao wazazi wao wote wawili walizaliwa nje. Mama yake mzee ni Mzigua wa Handeni. Alikuwa raia tangu usiku ule mwenge ulipowashwa juu ya Kilimanjaro, wakati huyo karani hajazaliwa, na pengine mama yake karani hajazaliwa vile vile. Lakini hakuna aliyemwuliza mama alizaliwa wapi. Swali la mama halikuwa na nafasi katika kichwa cha karani.

Alikwenda mara nne. Mara ya pili akaambiwa mtandao haupo. Mara ya tatu akaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Akaipeleka. Mara ya nne mwenyekiti mwenyewe, ambaye baba yake alikuwa nyapara wa baba wa mzee, alikwenda naye akasimama pale dirishani mpaka saa nane mchana. Hapo wakampokea. Namba ilitoka baada ya miezi mitano. Wakati huo laini yake ilikuwa imekwisha zimwa, na alipokwenda dukani kuifufua akaambiwa hiyo haipo tena, achukue mpya.

Haya hakunisimulia yeye. Nilisimuliwa na mjukuu wake pale pale matangani, baada ya vicheko kwisha. Mzee mwenyewe alikuwa anamweleza yule kijana mwuliza swali jinsi Mrundi alivyokuwa akisimama jukwaani, miguu ikiwa imeachana kidogo, kama mpiga ngoma.

Kijana akamwambia, kwa adabu lakini kwa ubishi wa umri wake: "Lakini babu, hiyo ilikuwa Burundi. Mimi nauliza Tanzania."

Mzee akaingiza mkono katika mfuko wa koti. Akatoa ile simu ya zamani, ya vitufe, betri imefungwa kwa mpira wa manati ili isitoke. Haina laini. Huichaji kwa ajili ya tochi, na kwa jambo lile jingine. Akabonyeza, akabonyeza tena, akampa kijana asome. Ilikuwa ile meseji ya mwaka 2013, asante kwa kura yako. Akamwelekeza kwa kidole mahali palipoandikwa namba ya mtumaji. Ilikuwa ni namba ya mtandao wa Tanzania.

"Kura imetoka hapa," akasema. "Kichuguu kile pale."

Usiku, nilipokuwa nafunga mizigo kurudi kazini, nilijaribu kupiga ile namba yake ya zamani ambayo bado nimeihifadhi kwenye simu yangu. Ikaita. Akapokea mwanamke, sauti changa, nyuma yake kuna kelele za stendi. Nikamwuliza niko wapi hapo, dada? Akasema Mwanza, kaka, ulikuwa unamtaka nani?